Kaa, Mshipa na Baridi Yabisi: Maneno ya Tiba Yametoka Wapi

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi na utabibu

Mkuu wa Chuo, walimu, wageni waalikwa, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na feni: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Nilipoletewa barua ya mwaliko nilidhani imepotea njia. Mimi si mtu wa hospitali. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na ushei, na tangu nistaafu natafsiri vipeperushi vya afya, vile mnavyovikuta vimebandikwa kwenye ukuta wa kliniki huku pembe moja imeliwa na mende. Sindano naiogopa mpaka leo. Lakini Mkuu wa Chuo akaniambia, "Mwalimu, hawa wiki ijayo wanaanza anatomia. Watamwagiwa Kigiriki na Kilatini mpaka wakimbie. Njoo uwaambie hayo maneno yalikuwa nini kabla hayajawa mtihani." Basi ndiyo kazi iliyonileta.

Nianze na swali. Nani humu amewahi kula kaa? Naona mikono mingi, tuko pwani. Nani amewahi kumtaja kaa wodini? Hakuna hata mmoja. Haya, nawaambieni mmeshamtaja, tena mara nyingi. Kila anayesema saratani amesema kaa. Neno ni la Kiarabu, saratan, na maana yake ni huyuhuyu wa kwenye mikoko, mwenye magando, anayekwenda upande. Na wewe unayesema kansa usijione umemkwepa. Ni kaa yuleyule, kapitia London badala ya Baghdad.

Safari yake inafaa kusimuliwa, maana ndiyo safari ya tiba yenyewe.

Mwaka 1862 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi Luxor, Edwin Smith, alinunua hati ya mafunjo kwa mfanyabiashara. Hakuweza kuisoma yote. Ilikuja kufasiriwa na James Henry Breasted na kuchapishwa mwaka 1930, ndipo watu wakajua kilichokuwa mkononi: maandishi ya tiba ya Misri yaliyonakiliwa takriban mwaka 1600 KK kutoka kwenye maandishi ya kale zaidi. Yana visa 48, vingi vya majeraha, vimepangwa kuanzia utosini kuteremka chini. Mnakili anafika kwenye uti wa mgongo, kisha anakoma katikati ya sentensi. Labda aliitwa kula.

Katika kila kisa mganga anaambiwa atazame nini na apapase wapi, halafu atamke hukumu moja kati ya tatu. Ya kwanza: huu ni ugonjwa nitakaoutibu. Ya pili: huu ni ugonjwa nitakaopambana nao. Ya tatu: huu ni ugonjwa usiotibika. Kwenye kisa cha 6 fuvu limevunjika na ubongo unaonekana, na mwandishi anausemea kwamba una makunyanzi kama yale yanayotokea juu ya shaba inapoyeyushwa. Huyo alikuwa amesimama karibu na tanuru la mhunzi, na alikuwa amesimama karibu na fuvu lililopasuka. Kwenye kisa cha 45 kuna uvimbe kifuani, mgumu, umetokeza, na ukiugusa una ubaridi. Wengi wanaousoma leo wanaona humo saratani ya titi. Visa vingine vina dawa, vina nyama mbichi ya kubandika siku ya kwanza, vina asali na nyuzi za kitani. Kisa hiki, mahali pa tiba, kimeandikwa: hakuna.

Asali ile, niseme kwa haraka, ilikuwa dawa kweli. Inazuia vijidudu kwenye kidonda. Hawakujua kwa nini, walijua tu kwamba kidonda kilichopakwa asali hakinuki.

Miaka elfu moja na zaidi ikapita. Katika maandishi yanayobeba jina la Hippocrates wa kisiwa cha Kos, tabibu wa Kigiriki aliyezaliwa takriban mwaka 460 KK, uvimbe ule unaitwa karkinos, yaani kaa. Celsus, Mrumi wa karne ya 1, akaligeuza kwa Kilatini: cancer, kaa tena. Halafu akaja Galen wa Pergamon, aliyezaliwa mwaka 129, ambaye alianzia kazi kwa kuwatibu wapiganaji wa uwanjani, akaeleza kwamba mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe imetandaa kama miguu ya kaa. Mtakapoona picha ya uvimbe huo darasani mtasema kweli alikuwa na macho.

Kutoka Ugiriki na Roma neno linaingia Baghdad, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nafika kwa mtu wa kazi yangu. Hunayn ibn Ishaq alikuwa Mkristo kutoka Hira, akaishi kati ya mwaka 809 na 873, na alikuwa mfasiri. Ameacha waraka unaoorodhesha vitabu 129 vya Galen na nani alivitia katika Kisiria au Kiarabu. Kitabu kimoja alikitafuta Iraki, Shamu, Palestina na Misri mpaka Aleksandria, asikipate. Mwisho akaambulia kama nusu yake huko Dameski. Mimi nikikosa neno huwa napiga simu kwa rafiki, asipopokea naenda zangu kulala.

Kwa kazi za watu kama hao ndipo tiba ya Kigiriki ikasema Kiarabu, na kaa akawa saratani. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Uajemi, akaisuka upya yote katika kitabu chake kikubwa cha Kanuni ya Tiba kilichokamilika takriban mwaka 1025, ambacho vyuo vya Ulaya vilikifundisha kwa Kilatini kwa karne kadhaa. Na upande wetu ilishuka na majahazi ya kaskazi, pamoja na tende na mazulia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na magoti mabaya. Ikifika masika hawezi kuinuka kwenye mkeka mpaka ashike ukuta. Jioni ananiita, "Mjukuu wangu, niletee kibatari." Kazi yangu ilikuwa kushika kibatari huku yeye ameweka kijiko cha mafuta ya ufuta juu ya moto, ndani yake punje mbili za kitunguu thaumu zimepondwa. Yakianza kutoa harufu anayapaka magotini, anafunga kitambaa cha kanga kuukuu, na anasema neno lilelile kila siku kama anayetaja jina la jirani msumbufu: "Baridi yabisi hii." Na madafu jioni hagusi, hata umlilie.

Baridi nilikuwa naielewa. Yabisi ilinisumbua. Yabisi ni kavu, mkate uliokauka ni mkate yabisi. Goti linakuwaje kavu? Nilikuja kupata jibu nikiwa na mvi, nikisoma juu ya Wagiriki.

Hippocrates na waliomfuata walisema mwili una majimaji manne, na afya ni mizani yake. Galen akayapanga hivi: damu ni ya joto na unyevu. Nyongo ya manjano ni ya joto na ukavu. Kohozi ni la baridi na unyevu. Nyongo nyeusi ni ya baridi na ukavu. Moja likizidi, mwili unaugua kwa tabia yake. Baridi na ukavu. Kwa Kiarabu, barid yabis. Bibi alikuwa anasoma msahafu na hana habari na Pergamon, lakini alichokuwa anakisema juu ya magoti yake, neno kwa neno, ni lugha ya Galen. Na vyakula vyake alivipanga vilevile. Tangawizi, asali na pilipili manga ni vya moto, madafu na matango ni vya baridi. Mpaka leo ukienda Mombasa au Lamu utakuta mzazi aliyejifungua juzi anapikiwa uji wa pilipili manga, na mama mkwe haruhusu kitu cha baridi kipite mlangoni. Wazee wa huko wanataja mizani ya mwili bila kucheka.

Mkishaujua mlango huo, mtaona vyumba vingine. Balghamu, tunayosema kwa kohozi, ni ya Kiarabu, na Waarabu waliitoa kwenye phlegma ya Kigiriki. Safura, ambayo ninyi mtafundishwa kuwa ni ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu utumboni, kwa Kiarabu ni ile nyongo ya manjano. Mtu aliyekaushwa damu na minyoo anapauka, anakuwa na rangi ya umanjano, na waliomtazama wakasema nyongo imezidi. Minyoo imekuja kugunduliwa, jina halikuondoka. Ya nne, nyongo nyeusi, Wagiriki waliisingizia huzuni isiyo na sababu, ile tunayoiita sonona, ndipo pakatoka melankolia. Waarabu waliiita sauda. Hiyo sijaisikia kwa mgonjwa yeyote. Sauda ninayemjua mimi ni binti wa jirani, naye ni mchangamfu kupita kiasi.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya nikiwa nimesimama kwenye chuo cha afya. Nadharia ile ilikuwa kosa, tena kosa lililoua. Kwa kuamini kwamba damu imezidi, watu walitolewa damu kwa karne nyingi, wakiwemo waliokuwa hawana hata ya kutosha. Bibi alipata nafuu kwa sababu joto na kusuguliwa kunatuliza goti, basi. Nyongo nyeusi haikuwepo, hakuna aliyewahi kuiona. Ninachowaomba mkione ni kwamba nadharia imekufa na neno linaishi, na mgonjwa anaingia na neno, haingii na nadharia.

Hata chuku ni hivyo. Ninyi mmejifunza sekondari kwamba chuku ni tamathali ya usemi, kutia chumvi. Kabla ya hapo chuku ilikuwa pembe ya kuumikia: mtu anachanjwa kidogo mgongoni, pembe inabandikwa, mwumishi anafyonza hewa kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta, damu inavutwa juu. Wagiriki walifanya vivyo hivyo, na chombo chao walikiita kwa jina la mmea wa jamii ya boga. Warumi wakakiita kiboga. Wao walikuwa na kibuyu, sisi tuna pembe. Aliyepata wazo la kuita uongo mtamu "kupiga chuku" nadhani aliwahi kuona mgongo ukivimbishwa na pembe tupu.

Sasa nije kwenye aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilitafsiri kipeperushi cha kisukari. Maandishi niliyopewa yalisema kwamba kisukari kisipodhibitiwa kinaharibu neva za miguu. Nikaandika "mishipa", nikamaliza, nikalipwa. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja akanishika mkono pembeni. "Mwalimu, nimesoma karatasi yako. Kisukari mimi ninacho. Lakini namshukuru Mungu, mshipa sina." Akanionyesha kinenani. Kwake yeye mshipa ni ngiri! Alikuwa amesoma onyo langu lote na kutoka nalo akiwa amefarijika, huku miguu yake, nilipomuuliza, ilikuwa na ganzi tangu mwezi wa Ramadhani.

Nilijilaumu sana, ila sikuwa wa kwanza. Mshipa kwetu ni unaopita damu, ni unaovuta ukainua mkono, ni unaouma unapojigonga kiwiko, na ni ngiri pia. Wamisri wa kale walikuwa na neno metu, nalo lilibeba mishipa ya damu, kano na neva, vyote kapu moja. Kwa Wagiriki neuron ilikuwa kano, uzi mgumu wa nyama, hata uzi wa upinde. Ilibidi afike Herophilus, huko Aleksandria, karne ya 3 KK, mahali palipokuwa na ruhusa ya kupasua maiti za watu, ndipo neva zikatenganishwa na kano na mishipa ya damu. Alipozitenganisha hakuunda neno jipya. Alichukua lile la kano akalipa kazi nyingine. Mtakapojifunza nyurolojia, jueni mnajifunza elimu ya kamba.

Na ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, nayo ina kisa. Kwa Wagiriki arteria ilikuwa njia ya hewa, koo la pumzi. Ukipasua maiti, ateri huzikuta karibu tupu, kwa hiyo wengi waliamini zinapitisha hewa. Galen ndiye aliyefunga ateri ya mnyama hai sehemu mbili, akaichana katikati, ikatoka damu. Koo lenyewe wakaliita arteria ya kukwaruza, kwa ajili ya zile pete zake za gegedu. Neno la "kukwaruza" kwao ndilo trakea. Ndiyo hayo mnayotishwa nayo.

Sisi tumejitahidi na "mishipa ya fahamu". Siku hizi ndivyo ninavyoandika, na mbele yake naweka "inayokupa hisia za moto na baridi". Kipeperushi kinakuwa kirefu. Na kiwe.

Nawasikia baadhi yenu, nimewasikia hata walimu, mkisema Kiswahili hakina istilahi za tiba. Mtu anasema hivyo halafu anafungua kitabu cha mifupa. Pale paja linapoingia nyonga pana shimo, kitaalamu asetabulamu. Ni kijibakuli cha siki, kile cha mezani kwa Mrumi. Kifuniko cha goti ni patela, yaani kisahani. Mfupa wa muundi ni tibia, yaani filimbi. Mrumi aliingia jikoni kwake akatoka na majina. Mswahili alitazama goti lilelile akaona pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba, ndiyo pia ya goti. Niambieni kipi kinafanana zaidi na ule mfupa, kisahani au pia. Kausheni mmoja mkautazame vizuri.

Na mboni ya jicho. Wagiriki na Warumi waliita mboni "kibinti", kwa sababu ukimsogelea mtu sana unajiona umekuwa mdogo ndani ya jicho lake, kama kisanamu. Waarabu wakasema "mtu wa jicho". Waswahili hawakumtazama yule mdogo wa kwenye kioo. Mboni imetoka kwenye kuona, zamani lugha zetu zilipokuwa na sauti ya b mbele: Wazulu bado wanasema bona. Sisi b tumeiangusha kwenye kitenzi, imebaki imekwama ndani ya jicho.

Chanjo ni hivyohivyo. Mwezi wa Mei mwaka 1796 Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mkamuaji wa maziwa, akautia kwenye mchano wa mkono wa mtoto wa miaka minane. Ulaya wakakumbuka ng'ombe, vacca, wakaunda jina kutoka kwake. Sisi tulikumbuka wembe: kuchanja, kama unavyochanja kuni au kuchanja chale. Leo mama anapeleka mtoto kupata chanjo ya polio, anadondoshewa matone mawili mdomoni, hakuna wembe wala ng'ombe.

Nitapita mbio kwenye nusu kaputi, ile dawa ya usingizi, ingawa neno lake nalipenda: nusu ya Mwarabu na kaputi ya Mjerumani zimeoana kwenye chumba cha upasuaji, na kila mgonjwa anaelewa atafanywa nini.

Kuna maneno yaliyobeba upepo. Malaria ni Kiitaliano, mala aria, hewa mbaya. Waliokaa karibu na vinamasi vya Roma waliugua, na vinamasi vinanuka, wakasema ni harufu. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea ndani ya tumbo la mbu. Hewa ikaachiliwa huru lakini jina likabaki. Kwetu upepo na pepo ni ndugu, na ugonjwa unaomkakamaza mtu mgongo ukapinda kama upinde tuliuita pepopunda. Wagiriki walisema tetanos, kuvutwa kukaza. Wao waliita walichokiona, sisi tukamtafuta mhusika. Kwa punda, lakini, hatukuwa mbali: bakteria wake hukaa udongoni na kwenye mavi ya wanyama, punda akiwemo.

Kuhusu kifafa, Wagiriki nao walimtafuta mhusika. Waliuita ugonjwa mtakatifu. Katika maandishi ya Hippocrates yumo mwandishi anayekasirika kabisa: anasema ugonjwa huu hauna utakatifu kuzidi magonjwa mengine, una chanzo chake, na wanaouita wa miungu wanaficha kutojua kwao. Akasema chanzo kiko kwenye ubongo. Hapo alipatia. Akaongeza kwamba ni balghamu imeziba mishipa. Hapo alikosea, na kwa alichokuwa nacho simlaumu. Ninyi mtakutana na mtoto wa kifafa aliyeungua kwa sababu alipoangukia jikoni watu waliogopa kumgusa. Mkimkuta, kumbukeni kwamba hoja hiyo ilishajibiwa miaka zaidi ya 2,300 iliyopita.

Nimebakiwa na dakika chache na sijawataja ninyi wenyewe.

Daktari ni doctor, na doctor kwa Kilatini ni mwalimu, mfundishaji. Kwa hiyo mwenye cheo ni mimi, wale wameazima. Tabibu ni wa Kiarabu. Mganga ndiye mwenyeji. Mzizi wake umetapakaa kwa Wabantu: Wakongo wana nganga, Washona wana n'anga, na huko Lubumbashi Mswahili akisema anakwenda kwa munganga anaweza kuwa anakwenda kwa daktari mwenye koti jeupe. Hapa kwetu Serikali ina Mganga Mkuu, kila kituo kina mganga mfawidhi, na kwenye nguzo ya umeme hapo nje pana tangazo la mganga anayerudisha wapenzi waliopotea. Jina moja, kazi mbili, na mgonjwa ndiye anayeachiwa kuchambua. Kuganga kwenyewe ni kufunga palipovunjika, kutibu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nesi ametoka kwenye neno la Kilatini la mwanamke anyonyeshaye, ukoo mmoja na lishe kwa Kiingereza. Si jina baya. Lakini litazameni la kwetu. Kupungua hutoa kupunguza, kuungua hutoa kuunguza, kuelea hutoa kueleza na kueleza ni kumfanya mtu aelewe. Sauti hiyo ya z ina maana ya kusababisha. Kwa kanuni hiyo kuugua kungetoa kuuguza kwa maana ya kumtia mtu ugonjwa. Haikutokea hivyo. Kuuguza ni kuwa na mgonjwa: kumgeuza, kumlisha uji, kukesha pembeni ya kitanda chake. Miaka yote niliyofundisha minyambuliko niliwaambia wanafunzi hili ni kitenzi kaidi, nikaendelea na somo. Siku mama yangu alipolazwa, na muuguzi wa zamu akaja saa nane za usiku kumbadilishia shuka bila kuitwa, nilikikumbuka kitenzi kile nikiwa kwenye benchi la varanda.

Mwisho kabisa. Msidhani maneno yote yanakuja kutoka huko na kushukia bandarini kwetu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, alipeleka kwenye jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1872 habari ya homa ambayo watu wa mjini waliiita kidinga pepo, na wapo wanaosema dengue imezaliwa humo. Hilo wanabishana, sisi tunasema kidingapopo na maisha yanaendelea. Mwaka 1959 Waacholi wa Uganda waliita homa ya kulegeza viungo o'nyong-nyong, na ndivyo ilivyo kwenye vitabu vya dunia nzima.

Lakini lile lisilo na ubishi limetoka kusini kwetu. Mwaka 1952 na 1953, kwenye nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, watu waliugua homa ya ghafla, viungo vikauma hata mtu akaenda amejikunja kama anayetafuta sindano chini. Waganga wa Serikali walipofika na chupa zao za damu, wenyeji walikuwa wameshaita ugonjwa kwa Kimakonde: chikungunya, kile kinachokunja. Virusi vikapatikana, na jina hawakulibadilisha. Leo daktari wa India analitamka, wa Brazil analitamka, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Ninyi mtakutana nalo muhula wa pili, nimeangalia mtaala. Kama kuna Mmakonde humu ndani, na naona yupo mmoja pale anacheka, siku hiyo mwalimu ampishe alitamke yeye.

Asanteni. Naambiwa chai iko tayari na mihogo inapoa.